Zamu za Sitini na Mbili Kwenda Chini

Kosa namba tisa.

Kidirisha kilitokea tena katikati ya kioo cha laptopu, Kiingereza kitupu, vitufe viwili chini yake, na hakuna hata kimoja kilichosaidia. Gerson alikifunga. Akabonyeza tena kile kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa PANGA ZAMU. Kosa namba tisa.

"Ndiyo hiyo," Violet alisema. "Tangu Jumatatu."

Violet alikuwa katibu wa mfereji wa Kilasero, na ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali juu ya barabara ya Nkoaranga: meza, laptopu, kabati bovu, na printa iliyokufa mwaka juzi ikabaki kuwekewa vikombe. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Gerson alimuuliza Jumatatu aligusa nini. Akasema hakugusa kitu.

"Dada, kompyuta haiamki na hasira zake. Uligusa nini?"

Violet akaangalia printa. Watu wa chini walikuja wamefura, akasema, akataka kuwaonyesha kwamba majina yao yapo. Hakugusa kitu. Alibadilisha tu jina la ile shiti ya wanachama ili ionekane vizuri.

Gerson alishusha pumzi. Saa tatu na nusu asubuhi. Kikao saa kumi.

Hakuwa polisi wala hakuwa na cheti chochote. Shule aliacha kidato cha pili, akajifunza kufungua simu, halafu kompyuta, kwenye kibanda chake pale Sekei. Taratibu watu wakaanza kumletea mambo ambayo hayatengenezwi na bisibisi: nani katuma meseji ile, nani kafuta picha hii. Safari hii aliyempigia alikuwa Elieza, mdogo wake na mama yake. Mjomba hajawahi kumwomba kitu maisha yake yote. Jana alipiga simu akasema neno moja la maana: wananifuta.

Kesi ilikuwa hivi. Mfereji wa Kilasero unachukua maji mtoni huko juu, unashuka kwenye migomba na kahawa, unaishia mashamba ya maharage na nyanya ya chini. Wanachama mia moja na nne, wamepewa namba kufuata mashamba, wa kwanza juu kabisa, wa mwisho chini kabisa. Kila mmoja anapata saa moja ya maji, zamu kwa zamu, kuanzia alfajiri mpaka jioni. Karatasi moja ya zamu inakwenda siku tisa. Sasa karatasi tatu zimepita, karibu mwezi mzima, watu wa chini hawajaona tone, na kwa macho yao wamewaona watu wa juu wakimwagilia mara mbili. Ufunguo wa geti la maji uko kwa mtu mmoja, mlinzi wa mfereji, Elieza. Anayebeba flashi kwenda kuchapisha karatasi steshenari ya Tengeru ni huyo huyo Elieza. Kwenye kompyuta majina ya watu wa chini yapo. Kwenye karatasi hayapo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema mlinzi kauza maji. Na saa kumi walikuwa wanakwenda kusema hivyo rasmi: anyang'anywe ufunguo, afutwe uanachama, shamba lake lisiguswe na maji ya Kilasero tena. Mtu akifutwa kwenye mfereji kule, anachobakiza ni kutafuta wa kumuuzia shamba.

Gerson alirudisha jina la shiti kama lilivyokuwa mwanzo, herufi kwa herufi. Akabonyeza kijani. Kioo kikacheza kidogo, na karatasi ya zamu ikajaa, mistari mia na nne, majina na saa zake.

Violet alipiga makofi mara moja.

"Subiri," Gerson alisema.

Akashuka na kidole. Wa juu, wa juu, wa katikati, halafu wa juu tena. Abdiel, mwenyekiti wa mfereji, mwanachama wa kumi na mbili, alitokea Ijumaa, akatokea tena Jumatano. Watu wa chini hakuna. Hata mmoja.

Saa nzima imeliwa na kosa ambalo halikuwa kosa lenyewe. Lile lililopiga kelele limekufa. Lililokausha mashamba lilikuwa bado limekaa mle ndani, kimya, linafanya kazi yake vizuri kabisa.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kimepatikana, na Gerson alikiandika nyuma ya bahasha: karatasi inatoka mbovu humu humu ofisini, kabla ya flashi, kabla ya Tengeru. Akamuuliza Violet kama amemwona Elieza akigusa laptopu. Hajawahi, akasema, mzee yule anaogopa hata kuweka kofia yake juu ya meza hii.

* * *

Elieza alikuwa nje, amekaa kwenye jiwe, jembe kati ya magoti. Kofia ya sufu, makoti mawili. Gerson alimwamkia, akamhoji kama angemhoji mtu mwingine yeyote, amesimama.

Nani anakupa karatasi? Violet ananipa flashi, napeleka Tengeru, wanachapa, narudi nayo. Unaisoma? Ndiyo kazi yangu, naita majina getini. Kwa hiyo ulijua watu wa chini hawamo. Nilijua tangu karatasi ya kwanza. Ukafanya nini?

"Nilimuuliza katibu. Akasema kompyuta ndiyo imepanga."

"Na karatasi ya pili?"

"Nilimuuliza tena. Akasema hivyo hivyo."

"Mjomba. Umeona watu arobaini hawapo kwenye karatasi, ukafungua maji tu?"

Elieza alikuna kidevu. Mlinzi anafuata karatasi, akasema. Siku mlinzi akianza kufungua maji kwa kichwa chake, siku hiyo ndiyo mwizi. Baba yake alikuwa mlinzi kabla yake, enzi za vijiti vya kuhesabia, na alifuata vijiti.

Gerson alimuuliza shamba lake yeye ni la ngapi. La themanini na nane. Chini. Wakashuka wote wawili kuliangalia, dakika ishirini za njia inayoteleza. Maharage yalikuwa yamesimama makavu, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Gerson alipiga picha nne.

Loishiye aliwakuta pale. Huyu alikuwa Mwarusha aliyenunua shamba la sitini na mbili miaka kumi iliyopita, mtu mrefu, shuka begani, ndala za tairi, na ndiye aliyekuwa akiongoza kelele zote. Alisimama juu ya tuta akawaangalia.

"Chalii wa mjini umeletwa na mjomba wako uje useme mjomba wako siyo mwizi," alisema. "Kazi nzuri hiyo. Sisi wengine hatuna wapwa."

"Shamba lake limekauka, mzee. Mwizi gani anajikausha mwenyewe?"

"Mwizi mwenye akili." Loishiye alitema mate pembeni. "Kauza ya kwetu, kauza na ya kwake. Angeacha lake liwe kijani ungekuja kupiga picha?"

Hilo lilimkera Gerson, kwa sababu lilikuwa la busara. Akamuuliza Loishiye kama amewahi kumwona mtu akimpa Elieza kitu chochote. Hajaona. Kama amesikia. Hajasikia. Kwa hiyo ushahidi ni nini?

"Ushahidi ni Abdiel. Mwenyekiti wetu. Migomba yake inakunywa mara mbili na hajauliza kwa nini."

Gerson aliandika hilo pia. Lilikuwa la kweli, na halikumfunga Elieza wala kumfungua.

* * *

Saa tano na robo alirudi kwenye laptopu, na hapo ndipo umeme ukakatika. Betri ilisema asilimia arobaini na mbili.

Alijaribu kuingia ndani ya makro yenyewe, ile programu ndogo inayopanga zamu, asome maandishi yake, aone inafikiri nini. Ikataka paswedi. Akajaribu jina la mfereji. Akajaribu moja mbili tatu nne. Violet akasema aliyeitengeneza ni Ludovick, kijana wa chuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi mwaka elfu mbili na kumi na tisa, akaifunga ili watu wasiiharibu, akaondoka. Namba yake anayo.

Ludovick alipokea simu ya nne. Alikuwa Dar, kwenye kelele. Gerson alimweleza kwa kifupi. Ludovick alicheka.

"Ile kitu bado inatumika? Nilidhani imeshakufa."

"Inaua watu sasa hivi. Nipe paswedi, mangi."

Hakuikumbuka. Miaka mingi, laptopu yake ya wakati ule iliibiwa, lakini alitaka ijulikane kwamba makro haina shida, aliipima mara mia, kama kuna shida ni watu wameingiza vitu vya ajabu. Gerson alimuuliza vitu vya ajabu ni vipi. Ludovick akasema ana kikao, akakata.

Gerson aliiweka simu mezani kwa nguvu kiasi kwamba Violet aliinua kikombe chake. Kama huwezi kumfungua mtu kichwa, unamwangalia anavyotembea. Akaanza kuhesabu.

Karatasi ilianza na mwanachama wa kwanza ikashuka sawasawa. Hakuna aliyerukwa. Wa hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Halafu wa kwanza tena. Akaangalia karatasi za wiki zilizopita, zile tatu ambazo Elieza alikuwa amezitunza ndani ya koti, zimekunjwa mara nane. Zote vile vile. Sitini, halafu wa kwanza, mpaka nafasi mia na nne zijae, na wa mwisho kuingia mara ya pili alikuwa wa arobaini na nne. Kila karatasi. Kauza maji gani huyu, ambaye anauza kwa mpangilio wa namba?

Swali lilikuwa moja basi. Nini kiko baada ya sitini.

Akafungua shiti ya wanachama akashuka. Namba sitini, jina, ukubwa wa shamba. Namba sitini na moja, ukubwa wa shamba. Jina hakuna. Kiboksi cheupe. Namba sitini na mbili, Loishiye.

Asubuhi alikuwa amepita hapo hapo na kidole mara mbili, akaona ni uzembe wa kawaida, mtu kasahau kuandika.

"Huyu nani?"

"Marehemu," Violet alisema. "Manase."

"Nani kafuta jina?"

"Mimi. Niliombwa."

"Lini?"

Alifikiri. Wiki ya mazishi ilipita, na wiki nyingine. Akahesabu kwa vidole, na Gerson akahesabu naye: siku chache kabla ya karatasi ya kwanza iliyoharibika. Akamuuliza kwa nini hakusema tangu asubuhi. Violet akasema ameulizwa aligusa nini Jumatatu.

Gerson akamuuliza nani alimwomba, na kwa nini, kama alitaka kufuta, hakufuta mstari mzima ukaondoka.

Hapo Violet alimwangalia yeye kama ndiye mwenye matatizo. Mstari haufutwi, alisema. Ukoo haujakaa.

* * *

Mjane wa Manase aliitwa Nosim, ametoka Oldonyo Sambu, ameolewa huku Umeruni miaka ishirini na mbili. Gerson alipandisha kwake peke yake, kwa sababu neno la mtu mmoja siyo ushahidi. Njia ilikuwa wima. Alifika anahema, akaamkia, akakaribishwa kiti na kikombe cha loshoro, mahindi kwenye maziwa ya mgando, kabla hajasema amekuja kufanya nini. Alikunywa. Halafu akauliza kuhusu jina.

Nosim alieleza bila kupandisha sauti. Elieza anaita majina getini, kila mtu anajua, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Siku ya kumi na mbili baada ya kuzika, yeye alikuwa anaosha sufuria chini ya geti. Karatasi ya zamani ilikuwa bado inaendelea. Elieza akaita.

"Akaita Manase. Mimi nikanyanyuka. Nilipiga hatua mbili kwenda kumwambia mume wangu anaitwa."

Gerson aliweka kikombe chini.

Elieza alikuja jioni ile ile kuomba radhi, Nosim akasema, alikaa pale pale ulipokaa wewe, akasema alisoma tu bila kufikiri. Kesho yake yeye akaenda kwa Violet, akamwomba jina litolewe lisiitwe tena. Lakini nafasi ibaki. Mume wake ana kaka wawili, na kila mmoja ana neno lake kuhusu shamba. Mpaka ukoo ukae uamue nani arithi, saa ya marehemu haichukuliwi na mtu; maji yake yanaachwa yapite yarudi mtoni. Ndivyo inavyofanyika tangu zamani. Wangeondoa mstari, namba zingepanda, Loishiye angekuwa sitini na moja, na siku ukoo ukikaa ungekuta nafasi yenyewe haipo.

"Ulimwambia mtu mwingine zaidi ya Violet?"

"Nimwambie nani. Ni jambo la msiba."

Gerson alisimama. Akashukuru. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposema atahitaji aje kwenye kikao, aseme hayo mbele ya watu. Nosim akauliza kama ni lazima. Gerson akasema bila yeye Elieza anafutwa leo. Nosim akaanza kutafuta kanga.

* * *

Saa nane na dakika kumi. Betri asilimia ishirini na sita, umeme bado.

Gerson alitengeneza nakala ya faili, asije akaharibu la kwao. Kwenye nakala akamwandikia wa sitini na moja jina la uongo. Akachagua mtu mwingine kabisa, wa ishirini, akalifuta jina lake. Kijani.

Karatasi ilijaa. Ikafika wa kumi na tisa, ikarudi wa kwanza.

Akamrudisha wa ishirini, akafuta wa tisini. Kijani. Ikafika themanini na tisa, ikarudi wa kwanza.

Akamtumia Ludovick meseji: makro yako ikikuta kiboksi cha jina kitupu inadhani orodha imeisha? Jibu lilikuja baada ya dakika tano, na lilikuwa na kiburi chake chote. *Ndiyo. Patupu ndiyo mwisho. Nani mwenye akili anaacha tundu katikati ya orodha?*

Gerson alisoma mara mbili. Akamwonyesha Violet. Violet akaanza kulia, kimya kimya, akafuta uso na kitenge, akauliza kama sasa watamfuta yeye. Gerson akamwambia aache kwanza, betri inakufa, atalia saa kumi na mbili.

* * *

Watu walikuwa zaidi ya mia, wamekaa kwenye nyasi nyuma ya ofisi. Wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine, hakuna aliyewapanga. Mzee Abdiel, mwenyekiti, alikuwa na koti la suti na karatasi mkononi ambayo Gerson aliiona kwa pembeni: muhtasari wa kikao, umeshaandikwa, maamuzi yamo. Elieza alisimama peke yake katikati. Hakupewa kiti.

Abdiel alianza kwa sala, akaendelea kwa maneno mengi kuhusu uaminifu. Gerson alinyoosha mkono. Abdiel alisema kijana si mwanachama. Akaunyoosha tena. Loishiye ndiye aliyesema, kutoka upande wa chini, mwacheni aseme, tucheke kidogo.

Gerson aliiweka laptopu kwenye meza ya mwenyekiti, juu ya muhtasari. Asilimia kumi na moja. Hakuzungusha maneno.

"Mzee Loishiye, njoo ubonyeze mwenyewe. Ukibonyeza wewe hutasema nimefanya mchezo."

Loishiye alikuja. Watu wakasogea nyuma yake. Gerson alimwonyesha kiboksi ambacho unaandika zamu zianze na namba gani, akamwambia aandike yake. Loishiye aliandika sitini na mbili kwa kidole kimoja, akabonyeza kijani kama mtu anayeua mdudu. Jina la kwanza lililotoka lilikuwa la mwanachama wa kwanza. La kwake halikuwepo.

"Elieza yuko wapi?" Gerson aliuliza.

"Si huyo hapo."

"Kagusa?"

Gerson akawafungulia shiti ya wanachama, akawaonyesha kiboksi kitupu, akaeleza kwa maneno ya kawaida: mashine inashuka inahesabu majina, ikikuta patupu inageuza. Juu ya patupu mnapata mara mbili. Chini ya patupu hampati. Hakuna aliyeuza kitu.

Minong'ono ikaanza. Nani kafuta? Violet alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa, lakini Nosim alisimama kwanza, na alivyosimama watu walinyamaza, kwa sababu mjane hasimami kikaoni kabla ukoo haujakaa. Alisema yale yale aliyosema nyumbani. Zile hatua mbili alizisema pia. Elieza alivua kofia.

Gerson alisema inatosha kuandika kitu chochote pale, mambo yaende. Na hapo ndipo kila kitu kikakwama tena. Mmoja wa kaka za Manase akasema kama linaandikwa jina, ni la mkubwa. Mwingine akasema mkubwa ana shamba lake. Abdiel akasema ukoo haujakaa, haliandikwi jina la mtu yeyote. Wazee wanne wakazungumza kwa pamoja Kimeru. Asilimia saba.

"Wazee, herufi moja tu. Nukta. Chochote."

Nukta ya nani, mtu akauliza, na hakuwa anatania.

Gerson alikamata kichwa chake kwa mikono miwili. Nosim alikuwa bado amesimama.

"Andika shamba," alisema. "Shamba halijafa."

Kaka mkubwa alifungua mdomo. Akaufunga. Mdogo akaangalia nyasi. Gerson hakusubiri mtu wa tatu afikirie. Akaandika *Shamba la 61*, akasogea pembeni, akamwonyesha Loishiye kitufe.

Loishiye alibonyeza. Jina la kwanza lilikuwa lake. Leo, saa kumi na moja jioni. Chini yake sitini na tatu, sitini na nne, wanaendelea kushuka, na watu wa chini wakaanza kusoma majina yao kwa sauti mmoja mmoja, wakisukumana, mpaka kioo kilipozima cheusi mikononi mwao.

Gerson aliwageukia wa juu. Akauliza nani kati yao alipata zamu mara mbili na akashangaa. Akamwangalia Abdiel. Abdiel alikuwa anakunja muhtasari wake, mara mbili, mara nne. Alisema basi, yaishe, ni mambo ya mitambo. Maji yaanze chini leo kama zamu zilivyotoka. Elieza aendelee na kazi yake.

Watu wakaanza kunyanyuka.

Elieza hakunyanyua mguu. Alitoa ufunguo wa geti kwenye koti la ndani, ukiwa na kamba yake ya katani, akauweka mezani kando ya laptopu iliyokufa.

"Mwezi mzima mmeniita mwizi," alisema. "Mbele ya watoto wangu. Anayeutaka auchukue."

Abdiel alisema Elieza asiwe hivyo. Elieza alirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyeugusa. Wa juu waliangalia wa chini, wa chini waliangalia ufunguo. Kuchukua ufunguo ule ni kusimama getini alfajiri kila siku ya Mungu na kutukanwa na watu mia na nne, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo.

Saa kumi na moja kamili. Loishiye aliangalia jua, akaangalia mabonde ya chini yaliyokuwa na rangi ya vumbi, akavuta shuka lake begani.

"Elieza," alisema. "Nifungulie."

Elieza hakusogea.

"Mzee Elieza. Nakuomba. Nifungulie maji."

"Umemwomba nani, mwizi?"

Loishiye alikuwa mrefu kuliko wote pale, na ilibidi ainamishe shingo kidogo ili macho yao yakutane.

"Hukuiba," alisema.

"Waambie hao."

Loishiye aligeuka. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani kwamba Elieza hakuiba, na kwamba yeye Loishiye ndiye aliyesema kaiba, na alisema bila kuona. Halafu akageuka tena, uso umemwiva.

Elieza alivaa kofia yake. Akachukua ufunguo mezani, akachukua jembe, akaanza kupanda kuelekea getini kwa mwendo wake ule ule. Alipofika kwenye kona ya migomba alisimama bila kugeuka.

"Lete jembe lako na wewe," alisema. "Dakika mbili zako zimeshakwenda."